Pumu na sonona kwa vijana: maswali ninayoulizwa kliniki

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua, Tanga. Miaka kadhaa iliyopita alikuja msichana wa kidato cha tatu na inhela yake ya kahawia, ile ya kuvuta kila siku, ameifunga kwenye leso. Nilipoifungua nikakuta plastiki ya kiwandani bado haijatolewa. Miezi mitatu, hajavuta hata mara moja. Nikamgombeza mbele ya mama yake na mbele ya foleni nzima. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sista, nikivuta nisivute, mimi naona sawa tu."

Mama yake alidhani ni jeuri. Na mimi nilidhani ni jeuri. Wiki chache baadaye waliletwa usiku, binti kabanwa vibaya, neno moja anashindwa kulimaliza. Alipotulia, daktari wa zamu akavuta kiti akamuuliza analalaje, na ni lini mara ya mwisho alifurahia kitu. Binti akalia mpaka tukaogopa atabanwa tena. Alikuwa na sonona karibu mwaka mzima, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Yu hai, anasomea ualimu. Lakini ile "naona sawa tu" nimeisikia tena kwa vijana wengi, na siku hizi nikiisikia naacha kila ninachofanya. Hapa nimekusanya maswali ambayo wazazi, walimu na vijana wenyewe huniuliza, na majibu ninayowapa.

Sonona ni nini hasa? Si ni mawazo tu?

Kusonona ni neno la zamani, ni kuumia moyoni, na lilikuwepo kabla wataalamu hawajalichukua kuwa jina la ugonjwa. Kenya utasikia pia unyogovu au mfadhaiko. Mtaani kote utasikia "ana mawazo".

Mawazo kila mtu anayo. Mtihani umeharibika, rafiki amekusaliti, nyumbani hakuna hela. Yanakuja na yanapita. Sonona ni pale moyo unapokuwa mzito, au mtu anapopoteza hamu ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mpaka shule, kazi au urafiki unaanza kulegea. Na kwa kijana kuna jambo linalowapita wazazi wengi: huzuni yake mara nyingi haina machozi, inatoka kama hasira. Anajibu mkato, anabamiza mlango, anapigana na wadogo zake. Wengine hulalamika kichwa au tumbo kila Jumatatu asubuhi, ukipima hupati kitu.

Je, kweli pumu na sonona vinahusiana, au imetokea tu?

Vinahusiana. Mwaka 2007 Wayne Katon na wenzake, Seattle, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijana zaidi ya 1,300 wa miaka 11 hadi 17. Kati ya wenye pumu, asilimia 16.3 walikuwa na sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Kati ya wasio na pumu walikuwa asilimia 8.6. Ni karibu mara mbili. Lakini isome namba hiyo na upande wa pili: zaidi ya vijana 80 katika kila 100 wenye pumu hawakuwa na ugonjwa wowote kati ya hiyo. Kuwa na pumu si kuhukumiwa huzuni.

Utafiti unaonikaa kichwani zaidi ni wa zamani, wa 1985. Robert Strunk wa Denver, Marekani, alilinganisha watoto 21 waliofariki kwa pumu na wengine 21 ambao pumu yao ilikuwa kali vilevile, ila waliishi. Miongoni mwa yaliyowatofautisha ni dalili za sonona, mgonjwa kupuuza dalili za kubanwa, na ugomvi kati ya wazazi na wahudumu kuhusu matibabu. Nikimkumbuka yule binti na foleni ile, hicho kipengele cha ugomvi hunichoma.

Kwetu Afrika kuna jingine la kuongeza. Utafiti uitwao ACACIA ulipita kwenye shule za miji kadhaa, Kampala ukiwemo, ukawahoji wanafunzi wapatao 27,000, wengi wao wa miaka 12 hadi 14. Asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na katika hao ni mmoja tu kati ya watano aliyewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba ana pumu. Wanne waliobaki wanabanwa na hawajui wanabanwa na nini. Fikiria mtoto anayeachwa nyuma kila mchakamchaka wa asubuhi, mwalimu anamwita mvivu, nyumbani anaambiwa anajidekeza, naye hana jina la kujitetea nalo. Akifika miaka 15 ameshaamini kwamba yeye ndiye mbovu.

Inakuwaje ugonjwa wa kifua ufike mpaka moyoni?

Kwa njia kadhaa, na mara nyingi zote kwa pamoja.

Anza na usingizi. Pumu isiyodhibitiwa hupenda usiku wa manane, kati ya saa nane na saa kumi. Kijana anaamka, anakaa kitandani ameinama mbele, mikono magotini, anavuta hewa haifiki. Ikipoa kumeshakaribia kucha. Rudia hivyo mara tatu kwa wiki kwa muhula mzima, na hata mtu mwenye furaha zake atanyong'onyea.

Kisha hofu. Aliyewahi kukosa hewa hasahau. Mvulana mmoja aliniambia kwamba kila akisikia harufu ya kuni mbichi anajikuta anahesabu hatua za kufika mlangoni. Kuishi unasikiliza kifua chako mchana kutwa kunachosha akili.

Kisha vile vitu vidogo vinavyomtenga: haruhusiwi kucheza, haendi kambi ya shule, anakohoa darasani wenzake wanasogeza madawati wakidhani ni TB. Pumu haiambukizi, na darasa zima linapaswa kulijua hilo.

Halafu mwili wenyewe. Pumu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya njia za hewa. Mwili ulio kwenye uvimbe hutoa kemikali zinazosafiri kwenye damu, na watafiti wamezikuta baadhi ya hizohizo zikiwa juu kwa watu wenye sonona. Kumbuka ulivyojisikia ulipokuwa na mafua makali: hutaki kula, hutaki watu, unataka kujifunika tu. Hali ya aina hiyo, ya chini chini na isiyoisha, huenda ni sehemu ya kinachowapata vijana hawa.

Na huzuni yenyewe, inaweza kumbana mtu?

Inaweza. Kulia sana hubana kifua, na kucheka sana pia, kila mwenye pumu anakijua hicho. Mtafiti Bruce Miller wa Buffalo, Marekani, aliwaonyesha watoto wenye pumu filamu huku akipima miili yao. Kwenye sehemu za huzuni njia zao za hewa zilikosa utulivu kuliko kwenye sehemu za furaha. Mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo ndio huohuo unaofika kwenye misuli ya njia za hewa, na huwa unaikaza.

Lakini mimi kliniki naona njia fupi zaidi: mwenye sonona haoni sababu ya kuvuta dawa. Inhela ya kila siku inakutaka uamini kesho itakuwepo na itakuwa na maana, na sonona inaanza kwa kuiba imani hiyo. Ongeza sigara, shisha au bangi, ambazo vijana wengine huzikimbilia ili wapumzike kichwa, na kifua kinalipa.

Upo pia utafiti wa Marekani uitwao CARDIA ulioandikisha watu wa miaka 18 hadi 30, kisha ukawafuatilia kwa miaka mingi. Waliokuwa na dalili nyingi za sonona ndio waliopata pumu zaidi baadaye. Kwa hiyo ukiniuliza kipi huanza, nitakujibu kwamba njia inapitika pande zote mbili, na kwa mtoto aliye mbele yako swali hilo halina haraka. Tibu vyote viwili.

Kwa nini wasichana wengi hubadilika wakivunja ungo?

Utotoni pumu huwapata wavulana zaidi. Kuanzia balehe mizani inageuka, wasichana wanaongoza. Sonona nayo hupanda kwa wasichana katika umri huohuo. Wengine hubanwa zaidi siku chache kabla ya hedhi. Mwambie binti aandike tarehe za kubanwa na tarehe za hedhi kwenye daftari moja, alete kliniki. Daftari la namna hiyo limetusaidia kuliko vipimo vingi.

Nitajuaje kama amebanwa na pumu au ni hofu ya ghafla?

Hili ni gumu hata kwetu, kwa sababu vinafanana na huweza kuja pamoja. Pumu mara nyingi ina mlio wa filimbi wakati wa kutoa hewa, ina kikohozi, na inhela ya bluu, ile ya kuvuta mtu akibanwa, huipunguza. Hofu ya ghafla hupanda haraka, vidole na midomo hufa ganzi, mtu anahisi anakufa au anapoteza akili, anavuta hewa nyingi haraka haraka, na kifua ukikisikiliza hakina mlio. Ukiwa na kile kipimo cha kupuliza, mita ya pumzi, ni msaada mkubwa: mwenye hofu tupu mara nyingi bado ana uwezo wa kupuliza namba yake ya kawaida.

Ukiwa na shaka, chukulia ni pumu. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe inhela ya bluu kupitia spesa, kile chombo cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela, puliza mara moja, avute, subiri nusu dakika hadi dakika moja, rudia, mpaka mipulizo 10 ikihitajika. Kama hapati nafuu, ondokeni kwenda hospitali huku mkiendelea kumpulizia. Na usisubiri kuhesabu kabisa ikiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, ulimi au ndani ya midomo pamegeuka kijivu au bluu, au kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza ghafla huku yeye bado anahangaika. Kunyamaza huko ni hatari kubwa. Ni hewa imeacha kupita.

Huna spesa? Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe, iache ikauke yenyewe, toboa kitakoni tundu linalobana mdomo wa inhela. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima chupa hiyo kwa watoto waliobanwa, wakatoa matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ninazo mbili dirishani kliniki, na kila mzazi huondoka amejifunza kuitengeneza.

Dalili gani zinipe wasiwasi kwa kijana wangu mwenye pumu?

Tazama inhela kabla hujamtazama usoni. Ya kahawia haiishi, ya bluu inaisha upesi: hapo kuna jambo. Anaanza kukosa kliniki. Anasema "nimeshavuta" kabla hujauliza. Anaacha mpira, kwaya, madrasa, kundi lake la marafiki. Anakula kidogo sana au anakula tu bila kusikia njaa. Anakesha na simu, au analala mchana kutwa. Alama zinashuka. Anagawa vitu vyake alivyovipenda. Hili la mwisho likitokea, nenda kwenye swali la kutotaka kuishi hapo chini, sasa hivi.

Baadhi ya hizi, kama uchovu na kukosa usingizi, zinaweza kuwa pumu yenyewe. Ndiyo maana hatukisii. Kwenye vituo vingi tunatumia maswali tisa yaitwayo PHQ-9, yapo kwa Kiswahili, yanayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama ni kutoka 0 hadi 27, na kuanzia 10 tunamwita daktari tuongee zaidi. Yanachukua kama dakika tano. Omba kijana wako aulizwe, nawe toka nje ya chumba anapojibu.

Inawezekana dawa za pumu ndizo zinazomvuruga?

Swali zuri, na msione aibu kuliuliza. Ziko mbili za kuangalia.

Montelukasti, kidonge cha kumeza usiku, huwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya, kukosa usingizi, hasira, huzuni, na hata mawazo ya kujiua. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye dawa hiyo. Wengi huitumia bila tabu. Ila kama mwanao alibadilika wiki chache baada ya kuianza, rudini kwa daktari mara moja mkamwambie hivyo hivyo.

Prednisoloni, vile vidonge vya siku tano tunavyotoa mtu akibanwa sana, inaweza kumchangamsha kupita kiasi, kumnyima usingizi au kumshusha moyo. Ikiisha, kwa kawaida hali hurudi. Anayevitumia kwa muda mrefu asiviache ghafla bila daktari.

Inhela ya bluu hutetemesha mikono na kuupigisha moyo mbio kwa muda, na kijana mwenye wasiwasi hudhani hofu imerudi. Inhela ya kahawia hupeleka dawa kifuani moja kwa moja, kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo. Hofu ya dawa hiyo imewaumiza vijana wengi kuliko dawa yenyewe.

Inhela si inazoesha? Ukianza huachi?

Hapana. Haimlevyi mtu wala haimfanyi teja. Pumu ni ya muda mrefu, kwa hiyo na dawa ni ya muda mrefu. Kinachotisha ni kuishi kwa ile ya bluu peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema kuanzia miaka 12 mtu asitibiwe kwa ya bluu tu, lazima awe na dawa ya kutuliza uvimbe.

Duka la dawa wamempa kidonge cha kupunguza mapigo ya moyo. Kuna ubaya?

Soma jina. Ikiwa ni propranololi, asimeze. Hupewa watu wenye wasiwasi, moyo kwenda mbio au kipandauso, na kwa mwenye pumu inaweza kufunga njia za hewa na kumuua. Tena inazuia hata inhela ya bluu kufanya kazi. Ndugu yake ni timololi, matone ya macho, nayo ni hatari. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza kama Valium navyo visitolewe kwa mtu aliyebanwa, vinapunguza nguvu ya kupumua.

Kijana mwenye pumu na wasiwasi ndiye hasa atakayeuziwa dawa hizi, kwa sababu ataingia dukani akisema "moyo unaenda mbio". Mfundishe sentensi moja aizoee kama jina lake: "Nina pumu." Aiseme kabla ya kupokea dawa yoyote.

Mwanangu yuko bweni. Nifanye nini?

Uliza inhela inakaa wapi. Shule nyingi huifungia kabatini kwa matroni, na matroni ana funguo, na usiku matroni amelala jengo jingine. Inhela ya bluu inatakiwa iwe mfukoni mwa mtoto au chini ya mto wake. Andika barua, ambatanisha cheti cha daktari, nenda mwenyewe ukaongee na mkuu wa shule kwa upole lakini usiondoke bila jibu.

Uliza pia kuhusu godoro, vumbi la chaki, mende, jiko la kuni lililo jirani na madarasa, na zamu za kufagia. Mpe zamu nyingine, asifagie vumbi. Hiyo ni kazi mbadala, si upendeleo, na walimu wakilieleza hivyo wenzake huelewa.

Tumzuie michezo?

Hapana. Kumzuia ni kumwongezea upweke, na mazoezi ni dawa ya moyo na ya mapafu. Pumu ikidhibitiwa, apashe mwili taratibu, avute inhela kabla kama daktari alivyoelekeza, aingie uwanjani. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2 dakika 15 sekunde 25. Ilichukua miaka 16 mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja rekodi hiyo, Chicago, 2019. Vijana wangu wa kliniki wanaipenda sana hadithi hii, nami sichoki kuwaambia.

Bibi anasema ni jini. Tumpeleke wapi?

Sibishani na bibi, na dua siizuii. Naomba mambo mawili tu: dawa iendelee huku dua ikiendelea, na kijana asifukizwe. Ubani, udi na moshi wowote kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kwa pumu. Asomewe penye hewa.

Matibabu ya sonona yakoje? Atapelekwa Mirembe?

Hofu hii ndiyo inayowafanya wazazi wakae kimya, Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyopo Dodoma, ikitajwa kama mwisho wa dunia. Kenya wanasema Mathari hivyohivyo. Walio wengi hawahitaji kulazwa popote. Wanatibiwa wakiwa nyumbani, wanasoma, wanakula kwao.

Kwanza tunaweka pumu sawa, maana usingizi ukirudi nusu ya mzigo huweza kushuka. Kisha mazungumzo na mshauri, wiki kwa wiki, akifundishwa kuyakamata mawazo yanayomwambia hana thamani na kuyapima, na kurudi kidogo kidogo kwenye vitu alivyoviacha. Mshauri si lazima awe daktari bingwa. Zimbabwe, tangu 2006, Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuwasikiliza kwa utaratibu, na mpango huo umefika Zanzibar. Kenya, Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walitoa matokeo mwaka 2021 ya wanafunzi zaidi ya 400 wa Nairobi na Kiambu: vikao vinne vya kundi, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Nikisoma hayo naona kila kliniki ya pumu inaweza kuwa na benchi lake. Letu lipo chini ya mwarobaini, na Alhamisi halikosi watu.

Vidonge vya sonona si vya kuanzia kwa kijana. Kwa walio na miaka 13 na kuendelea, daktari anaweza kuchagua fluoksetini kama mazungumzo hayakutosha au hali ni nzito. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wiki za mwanzo zinataka jicho la karibu la mzazi. Usinunue amitriptilini dukani kwa ushauri wa jirani, ikizidi kipimo inaua.

Amesema hataki kuishi. Ni vitisho tu?

Usiseme ni vitisho. Kaa naye, umuulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake. Dawa zote za nyumbani, sumu ya panya na dawa za shambani zifungiwe au ziondoke ndani ya nyumba, isipokuwa inhela yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Namba 116 ni ya bure kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda.

Wengine huogopa polisi. Kumwambia muuguzi kwamba unawaza kufa si kosa. Na Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na Katiba.

Mimi ndiye kijana mwenyewe. Sitaki mama ajue. Naweza kuja peke yangu?

Njoo, tena njoo Alhamisi mchana foleni ikiwa imeisha. Utakayoyasema nitayatunza, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, hapo tutamtafuta pamoja mtu mzima unayemwamini, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo. Kama hujui uanzeje, sema tu "naona sawa tu". Nitaelewa. Uje na inhela zote mbili, hata ile ambayo hujaifungua. Sitakugombeza.

Hataki kuongea nami kabisa. Nianzie wapi?

Usianze na dawa wala alama za shule. Usimkalishe sebuleni mbele ya baba na shangazi. Tafuta kazi ya mikono ya kufanya pamoja, mkiwa bega kwa bega: kuchambua mchele, kuosha pikipiki, kutembea kwenda sokoni. Vijana huongea vizuri wasipotazamwa usoni. Muulize, "Siku hizi unalalaje?" Swali hilo halina aibu, kila mwenye pumu ameshaulizwa, na ndani yake kuna mlango. Akijibu "vizuri tu", usimsukume. Kesho muulize tena.

Mama mmoja aliniambia alichambua mchele na mwanawe jioni nne bila jibu. Ya tano, kijana akiwa bado ameinamia ungo, akasema, "Silali, mama. Tangu mwezi wa sita." Mama hakutoa mkono kwenye mchele. Alimuuliza tu, "Na ukiwa macho, huwa unawaza nini?" Kesho yake asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni yangu.